Kuyalaza Maji Mchangani: Mwongozo wa Bwawa la Mchanga kwa Kikundi cha Kijiji

Mwongozo huu ni wa watu wanaoishi kando ya mto wa msimu, ule unaonguruma kwa saa chache mvua inaponyesha kisha ukabaki mchanga mtupu. Mito hiyo imejaa Kitui, Makueni, Machakos na Kajiado, na ng'ambo ya mpaka iko Dodoma na Singida. Ikiwa kwenu watu huchimba mchangani wakati wa kiangazi na maji yakatokea, basi mto wenyewe umekwisha kuwafanyia sehemu kubwa ya kazi. Mliyobakiziwa ni ukuta, ulinzi na makubaliano. Haya ya mwisho ndiyo magumu kuliko yote, na ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Kwa nini mchangani

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Vuli ya 2023 ikaja na El Niño na mafuriko, na masika ya 2024 mito ikafurika tena. Wapo waliozika ng'ombe kwa ukame, kisha wakapoteza shamba kwa maji.

Sababu mojawapo ni joto. Kila hewa inapopata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Mvua inaweza kuchelewa wiki nyingi, halafu ikamwagika yote kwa siku mbili. Anayetegemea kisima kifupi au kijito huona maji mengi yakimpita mlangoni, na mwezi mmoja baadaye hana la kunywa.

Lambo la wazi husaidia, lakini katika maeneo haya jua hunyonya kina cha karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Maji yaliyolala ndani ya mchanga, kwenye kina kinachozidi sentimita 60 hadi 90, jua haliyapati kirahisi. Mbu hawazai humo, mifugo haikanyagi humo, na mchanga huyachuja.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji uliokalia mwamba, unaokatiza mto wa msimu. Furiko linapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na matope mepesi huruka juu na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa mchanga hujaa hadi ukingoni, na kila mvua hujaza nafasi zilizo kati ya chembe. Ukambani kuta hizi zimejengwa tangu miaka ya 1950. Baadaye mashirika kama SASOL kule Kitui na Utooni kule Machakos yaliendeleza kazi hiyo pamoja na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, ambavyo wanachama wake walibeba mawe kwa mikono yao.

Hatua ya 1: Uchunguzeni mto kabla ya kumwita yeyote

Msianze na mfadhili wala na mhandisi. Anzeni na miguu yenu, mwishoni mwa kiangazi, mto ukiwa mkavu kabisa. Wachukueni wazee na wale wanaoteka maji kila siku. Mara nyingi hao ni wanawake na watoto, na ndio wanaojua shimo lipi hukauka Juni na lipi hufika Septemba.

1. Andikeni mashimo ya maji. Kwa kila shimo: kina chake, mwezi linapokauka, ladha yake. Penye mikuyu mikubwa na ya kijani kwenye ukingo, chunguzeni kwa makini, kwani mizizi yake hufuata maji.

2. Tafuteni mwamba. Chukueni nondo nene yenye ncha, muigongomee mchangani kwa nyundo kila baada ya hatua chache, mkikatiza mto na mkiupanda. Ikigonga mwamba mtasikia mlio mkali nayo itaruka mkononi. Ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi itazama kimya. Mahali pazuri ni pale mwamba unapokatiza mto mzima karibu na uso, huku upande wa juu wa mto mchanga ukiwa na kina kirefu.

3. Pimeni mchanga kwa ndoo. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu wa mto wenu. Mimineni maji taratibu mkihesabu lita hadi yatokeze juu. Kisha toboeni ndoo chini na mkinge maji yanayotoka kwa saa moja. Yakitoka lita 5 au zaidi, mchanga wenu ni mzuri. Yakitoka lita 1 au 2 tu, huo ni mchanga laini uliojaa matope, na ukuta hapo utawavunja moyo.

4. Onjeni maji na tazameni kingo. Penye ukoko mweupe, au pale ng'ombe wanapolamba udongo, kuna chumvi. Sogeeni mbali, maana ukuta hauwezi kuyafanya maji ya chumvi kuwa matamu.

5. Epukeni kona na kingo laini. Furiko hupiga upande wa nje wa kona kwa nguvu zake zote. Chagueni sehemu iliyonyooka, nyembamba, yenye kingo ndefu na ngumu.

6. Ulizeni furiko kubwa kuliko yote lilifika wapi. Tafuteni takataka zilizokwama kwenye matawi, wekeni alama, kisha mwambieni mhandisi aongeze juu ya hapo. Furiko kubwa wanalolikumbuka wazee huenda lisiwe kubwa kuliko yatakayokuja.

Kama hamkupata mwamba, au mto wenu hauna mchanga, acheni wazo hili bila kinyongo na mtazame paa, malambo au chemchemi. Fedha nyingi za maskini zimezama kwenye kuta zilizojengwa mahali pasipofaa kwa sababu tu mradi ulikuwa umekwisha kuidhinishwa.

> KISANDUKU: Hesabu ya maji yenu
>
> Pimeni urefu wa mchanga utakaojaa kuelekea juu ya mto, upana wa mto kwenye ukuta, na kina cha mchanga hapo hapo. Zidisheni vyote vitatu, kisha mgawanye kwa 6, kwa kuwa mchanga hupungua kina na upana kadiri mnavyopanda.
>
> Mfano: mita 300 × mita 15 × mita 2.5 = 11,250. Gawanya kwa 6: mita za ujazo 1,875 za mchanga. Robo yake ndiyo maji ya kutekwa: takriban lita 469,000.
>
> Kaya 40 zikichota mitungi 5 ya lita 20 kila siku, ni lita 4,000. Maji yatatosha siku 117 hivi. Ongezeni ng'ombe 60, kila mmoja lita 30, na matumizi yanafika lita 5,800. Sasa ni siku 80.
>
> Kingo za mto nazo hulowa na kurudisha maji mchangani, hivyo mara nyingi mtapata zaidi. Msiiweke nyongeza hiyo kwenye mipango.

Hatua ya 2: Karatasi

Kenya, ukuta kwenye mto huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), na NEMA, mamlaka ya mazingira, hutazama athari kwa mazingira. Ulizeni pia kama kuna chama cha watumiaji wa maji katika kijito chenu. Tanzania, nendeni kwa serikali ya kijiji na RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya, nao watawaelekeza kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji.

Karatasi inayosahaulika sana ni ile ya jirani. Njia ya kwenda mtoni hupita kwenye shamba la mtu. Leo anawakaribisha. Kesho amefariki, au ameuza, na mmiliki mpya anafunga njia au anadai kila mtungi. Andikeni makubaliano ya njia na eneo la kisima, yasainiwe na mwenye shamba pamoja na mwenzi wake na watoto waliokwisha kukua, mbele ya chifu au mwenyekiti wa kijiji. Nakala ikae na zaidi ya mtu mmoja.

Hatua ya 3: Kanuni kabla ya mawe

Kikundi kikingoja maji yapatikane ndipo kijadili mgao, wenye ng'ombe wengi na sauti kubwa watakuwa wamekwisha kujigawia. Jadilini mapema, siku ambayo hakuna mwenye kiu. Kubalianeni na kuandika haya:

- Nani mwanachama, na anachangia nini. Kwa kawaida ni siku za kubeba mawe na mchanga. Mjane aliye peke yake, mzee, mlemavu na mama mwenye mtoto mchanga wapewe kazi nyingine: kupika, kulea watoto wa wanaobeba, kutunza daftari. Siku ya mpishi ihesabiwe sawa na siku ya mbeba mawe. Asiyeweza lolote asamehewe, na asikose maji.
- Kamati. Nusu au zaidi wawe wanawake, tena katika nafasi zenye mamlaka. Mweka hazina mwanamke anayeteka maji mwenyewe hugundua haraka pampu inapoanza kusumbua.
- Fedha. Kiasi kidogo kwa mwezi kwa kila kaya ni rahisi kusimamia kuliko malipo ya kila mtungi. Malipo ya mtungi humwadhibu mwenye watoto wengi. Hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu.
- Mgeni na mfugaji anayepita. Watakuja, hasa mwaka wa ukame. Amueni mapema watanywesha wapi, siku zipi, kwa malipo gani. Kanuni inayojulikana na pande zote mbili huzuia mapigano.

Hatua ya 4: Ukuta

Sehemu hii ni fupi kwa makusudi, kwa sababu mchoro na vipimo ni kazi ya mhandisi. Ukuta uliojengwa kwa kubahatisha unaweza kubomoka usiku na kuwaangukia walio chini ya mto. Kazi yenu ni kusimamia mambo haya:

1. Msingi uchongwe ndani ya mwamba mzima usio na nyufa, na uoshwe kabla ya saruji ya kwanza.
2. Mabawa ya ukuta yaingie ndani kabisa ya kingo zote mbili. Maji yakikosa pa kupita juu hukata ukingo na kuuzunguka ukuta. Ukuta utabaki umesimama mkavu na mto utakuwa umehama.
3. Njia ya furiko iachwe katikati, yenye upana wa kutosha, na chini yake pawekwe mawe makubwa ili maji yanayoanguka yasichimbe msingi.
4. Pale mto unapobeba matope mengi, njia ya furiko ijengwe kwa ngazi, sentimita 30 hadi 50 kila mara, na ngazi mpya isubiri ile ya chini ijae mchanga. Ukuta mrefu wa mara moja hutuliza maji kupita kiasi, matope yakatua pamoja na mchanga, na hapo mmejenga shamba badala ya bwawa.
5. Ukuta umwagiliwe na kufunikwa kwa wiki 3 ili saruji ishike. Kazi iishe angalau mwezi mmoja kabla ya mvua.

Wakati ukuta unajengwa, kundi jingine liwe shambani. Mashamba yanayomwaga maji mtoni yapigwe matuta ya fanya juu: mtaro unaofuata usawa wa mlima, udongo ukirushwa upande wa juu, na mabingobingo au nyasi nyingine zikipandwa juu ya tuta. Matuta hupunguza matope mtoni na huyapa mahindi na mbaazi unyevu wa wiki kadhaa zaidi. Kwa kaya nyingi faida hii ya pili huonekana kabla ya ile ya bwawa.

Hatua ya 5: Kuteka

Kuna njia mbili. Bomba linalopita ukutani ni rahisi, lakini koki ikivunjika usiku maji ya miezi yataondoka, na tundu lenyewe hudhoofisha ukuta. Mimi napendekeza kisima cha ukingoni, upande wa juu wa ukuta karibu na kina kirefu cha mchanga, kilichojengewa kwa pete za zege, chenye mfuniko na pampu ya mkono. Mdomo wake uwe juu ya alama ya furiko.

Mifugo inyweshwe kwenye birika chini ya ukuta, kamwe si juu ya mchanga wa bwawa. Vyoo viwe umbali usiopungua mita 30, na visiwe upande wa mteremko unaoelekea kisimani.

Mchanga huchuja, lakini hauui vijidudu vyote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Asiye na kuni wala fedha anaweza kujaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga na kuzilaza juani: saa 6 siku ya jua kali, siku 2 kukiwa na mawingu.

Hatua ya 6: Bomba la kupimia

Hapa ndipo kikundi kinachovuka ukame hutengana na kile kinachoamka siku moja na kukuta pampu inatoa upepo. Maji yaliyo mchangani hayaonekani. Lambo likipungua kila mtu huona na kuanza kujibana. Bwawa la mchanga huonekana vile vile likiwa limejaa au likiwa tupu.

Kwa hiyo zikeni bomba la plastiki lililotobolewa matundu madogo, lisimame wima kutoka chini ya mchanga, lenye kifuniko kinachofungwa. Kila Jumamosi watu wawili wateremshe kamba yenye kipande cha mti mwishoni, wapime umbali kutoka uso wa mchanga hadi maji, na waandike kwenye daftari na kwenye ubao ulio kisimani. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kazi hii, na ataifanya kwa fahari.

Kisha wekeni mipaka. Kwa bwawa la mfano wetu lenye kina cha mita 2.5, inaweza kuwa hivi:

| Maji yako chini kwa | Hali | Kinachoruhusiwa |
|---|---|---|
| Chini ya mita 1 | Kijani | Kaya, mifugo yote, bustani za mboga, vitalu vya miche, ufyatuaji wa matofali |
| Mita 1 hadi 1.8 | Njano | Kaya na mifugo, ufyatuaji wa matofali usimame, bustani mpya zisianzishwe |
| Zaidi ya mita 1.8 | Nyekundu | Maji ya kunywa na kupikia, lita 15 kwa mtu kwa siku. Mifugo michache dhaifu |

Mipaka yenu mtaijua vizuri baada ya misimu miwili ya kuandika. Lakini msingoje misimu miwili ndipo muianze.

Hali ya njano ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mifugo ingali na nyama na soko lingali na bei. Anayeuza madume mawili wakati huo hununua mahindi, na waliobaki hupata maji. Anayengoja nyekundu huuza ngozi. Kamati iende nyumba kwa nyumba siku ubao unapobadilika kuwa njano, iseme hivyo waziwazi.

Utabiri wa msimu nao uletwe mezani. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na TMA ya Tanzania hutoa mwelekeo kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukisema mvua itakuwa chini ya wastani, anzeni njano mapema, hata kama kamba inasema kijani. Ukisema juu ya wastani, kagueni mabawa ya ukuta na mkaze kila kinachoweza kusombwa. Utabiri hukosea wakati mwingine. Kujibana bure kwa mwezi mmoja ni hasara mnayoweza kuimudu.

Onyo: wachimba mchanga

Mchanga wenu ni ghala, na miji inautaka. Lori likibeba mchanga kutoka juu ya ukuta linabeba nafasi ya maji ya kijiji, na fedha iliyolipwa huishia mifukoni mwa wachache. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 baada ya mito yake kuchimbwa hadi mwamba. Pigeni marufuku uchimbaji huo ndani ya katiba ya kikundi, mjue ofisi ya kuripoti, na vijana wenu msiwaache bila kipato mbadala. Kijana anayelipwa kupakia lori hatazuiwa na bango.

Makosa yanayojirudia

- Kumpa mfadhili jukumu la kuchagua mahali, kwa sababu pako karibu na barabara na picha zitapendeza.
- Kuanza kumwagilia mboga mwaka wa kwanza, mchanga ukiwa haujajaa.
- Kutegemea bwawa pekee. Paa la mabati la mita za mraba 30, mvua ya milimita 600 kwa mwaka, huweza kutoa lita 14,000 hivi. Hata pipa moja chini ya paa humpumzisha mtu safari za mtoni siku za mvua.
- Kamati isiyobadilika miaka kumi.
- Kuacha mti mkubwa uliosombwa ukae juu ya ukuta hadi furiko lijalo liugeuze nyundo.

Orodha ya kukagua baada ya kila furiko kubwa

☐ Mabawa: je, maji yamechimba pembeni? Zibeni kwa mawe na udongo ulioshindiliwa, mpande nyasi wiki hiyo hiyo.

☐ Chini ya ukuta: je, mawe ya kinga yamesombwa? Rudisheni makubwa zaidi ya yale ya mwanzo.

☐ Uso wa ukuta: nyufa ndogo ziandikwe tarehe na urefu kwa rangi. Ufa ulioongezeka kati ya mafuriko mawili ni kazi ya mhandisi, na watu wa chini ya mto waambiwe siku hiyo.

☐ Mchanga mpya: chimbeni sentimita 50. Mkikuta tabaka la matope laini, msipandishe ukuta msimu huu. Tafuteni shamba au korongo lililotoa udongo huo.

☐ Kisima: yatoeni maji ya furiko, tieni klorini, msinywe hadi harufu ipungue.

☐ Bomba la kupimia: safisheni matundu, pimeni, futeni ubao na mwandike namba mpya.